Beseni la Chumba cha Wagonjwa

Jumanne ile ilianza kama Jumanne nyingine yoyote. Sista alifika saa moja kasoro, akafungua madirisha ya chumba cha wagonjwa, akakung'uta mashuka, akafuta vumbi juu ya kabati la dawa. Shule nzima ilimwita Sista, kuanzia mkuu wa shule hadi watoto wa chekechea, ingawa cheti chake kilisema mhudumu wa afya tu. Miaka tisa alikuwa amekaa katika chumba kile chenye vitanda viwili, magodoro yaliyovishwa plastiki inayonata mgongoni, dawa za maumivu, bandeji, na beseni.

Beseni lenyewe lilikuwa la bati, jeupe, limebanduka rangi ukingoni. Mfuniko wake ulikuwa sinia kuukuu. Beseni hilo ndilo lililokuwa daktari wa shule ile, tena hakimu, maana kwa utaratibu wao mtoto akiugua mchana hakutumwa nyumbani wala mzazi wake hakupigiwa simu mpaka atapike, na matapishi yale yafunikwe beseni­ni yasubiri kukaguliwa.

Ndiyo, kukaguliwa. Mkaguzi alikuwa makamu wa mkuu wa shule, ambaye zamani alimwita baba mmoja kutoka kazini kwa ajili ya mtoto mwenye maumivu ya kichwa, na mtoto akapona walipofika getini. Yule baba alimfokea mbele ya walimu wote, na tangu siku hiyo makamu hakumwamini tena mtoto yeyote anayejishika tumbo. "Ushahidi uko wapi?" ndilo lililokuwa neno lake, na watoto wakampachika jina hilohilo, Ushahidi. Alikuja na rula ndefu ya ubaoni, akainua sinia, akainama mpaka pua ikakaribia, akakoroga polepole akitafuta mkate wa asubuhi. Kisha alitoa hukumu: "Huyu aende," au "Huyu arudi darasani." Rula aliisuuza bombani, na kipindi kilichofuata aliichorea pembetatu. Watoto wa dawati la mbele walikuwa wanaijua harufu yake.

Haukupita muda wajanja wakajifunza. Wakubwa waliwafundisha wadogo kusokomeza vidole viwili kooni, na ikawa wazima wanatapika vizuri kuliko wagonjwa. Sista aliyaona yote hayo. Aliona kinyaa, akanyamaza, maana mwenye watoto watatu na kibarua kimoja hujifunza kunyamaza.

Muhula wa pili ndipo alipokuja yule binti wa darasa la tatu, mpole kupita kiasi, ambaye wenzake walimwita Kimya. Alikuja saa nne akisema tumbo linamuuma upande wa kulia. Sista alipomgusa, mtoto aliruka. Sista alijua kabisa kwamba ule si uongo. Alikwenda kwa Ushahidi, akaulizwa beseni lina nini. Halikuwa na kitu. Kimya akarudishwa darasani. Akaja tena saa sita, akarudishwa tena.

Saa saba na nusu alikuja mara ya tatu, amejikunja, akikokota miguu. Alikaa kitanda cha pili, akalipakata beseni, akaanza kujisokomeza vidole. Hakikutoka kitu ila mate meupe, na ndani yake uzi mwembamba wa damu, maana kucha zilikuwa zimemkwaruza koo. Sista alisimama mlangoni akimtazama. Mtoto aliinua uso uliolowa jasho, akanong'ona:

"Nisubiri kidogo, Sista. Itakuja."

Ushahidi aliyaangalia yale mate, akasema mate si ushahidi. Kwenye daftari la wagonjwa, safu ya mwisho, Sista aliandika: hakuna kilichotoka. Kengele ilipolia Kimya alikwenda nyumbani kwa miguu yake, ameshika ukuta. Kabla ya alfajiri alikuwa amekufa. Shule ilituma rambirambi na kueleza kwamba marehemu alihudumiwa kwa kufuata utaratibu.

Turudi sasa kwenye hii Jumanne ya muhula wa tatu. Asubuhi nzima hakuja mgonjwa. Saa saba na nusu Sista alisikia harufu kali ya uchachu. Akatazama chini ya kitanda cha pili, akalivuta beseni, akainua sinia. Ndani mlikuwa na mate. Meupe, yenye povu, na uzi mmoja wa damu umejiviringa katikati.

Alijiambia ni watoto wanamchezea. Akayamwaga, akasugua beseni kwa sabuni na mchanga. Jumatano, saa saba na nusu, yalikuwapo tena, mengi zaidi. Alhamisi yalikuwa na rangi ya njano. Juma la pili alifunga mlango kwa ufunguo, akakaa ndani peke yake, macho kwenye beseni. Hakuona mtu. Alichosikia ni plastiki ya godoro la pili ikilia, kisha sauti ya mtu anayejilazimisha kutapika, ndogo, ya subira. Alipoinua sinia mvuke ulimpanda usoni.

Mama wa usafi aligoma kulishika beseni lile. Alisema yeye kazi yake ni uchafu wa watu, na ule hajui ni wa nani. Sista akawa anaumwaga mwenyewe, mkono mmoja umeziba pua. Kila siku ulitoka wa ndani zaidi: baada ya njano kijani, baada ya kijani kahawia, halafu utelezi mweusi wenye vipande ambavyo hakutaka kuvijua. Alijua ni nini kinaendelea, hakuhitaji mganga wa kumwambia. Mtoto yule aliambiwa alete ushahidi, na alikuwa bado anauleta.

Jumanne ya nne, saa saba, mlango ulisukumwa na mwanawe mwenyewe.

Kitinda mimba wake alikuwa darasa la pili pale pale shuleni. Aliingia amejikunja, mkono upande wa kulia. Sista alimlaza kitanda cha kwanza, akamgusa, na mtoto akaruka vilevile kama yule mwingine alivyoruka. Paji lilikuwa linachoma. Alimuuliza kama anasikia kutapika, akatikisa kichwa. Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema, na siku ile Sista aliuonja.

Getini hakuna aliyetoka na mtoto bila karatasi yenye sahihi ya Ushahidi, hata awe ni wake wa kumzaa. Tena watoto wa wafanyakazi ndio aliowaita waongo wa kwanza. Sista alimtuma mwanafunzi akamwite. Akawa anamsihi binti yake ajaribu, ajilazimishe, mpaka akajikuta anapeleka vidole vyake mwenyewe kwenye kinywa cha mtoto. Akavirudisha. Alijichukia.

Viatu vya Ushahidi vilisikika barazani. Saa ya ukutani ilikuwa saba na nusu.

Uchachu ukajaa chumbani.

Sista alipiga magoti. Alilivuta beseni kutoka chini ya kitanda cha pili. Lilikuwa zito. Aliinua sinia. Lilikuwa limejaa hadi ukingoni utelezi mzito, mweusi, wa moto.

Hakufikiri. Alilisukuma sakafuni mpaka likafika mbele ya kitanda cha mwanawe.

Ushahidi aliingia na rula. Aliinama. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake alijirudisha nyuma na kumeza mate, lakini utaratibu ni utaratibu, akakoroga. Kitu kilishika kwenye ncha ya rula, kikavutika, kikakatika. Aliuliza kama ni ya mtoto huyu.

"Ni ya huyu," Sista alisema.

"Huyu aende."

Akatia sahihi haraka, akatoka huku amejiziba mdomo. Na hapo, mbele ya uvundo ule, Sista aliona jinsi ilivyokuwa rahisi. Maneno matatu tu. Siku ile ya Kimya angeweza kumimina chai iliyopoa na mabaki ya mkate, akasema ni ya huyu, na mtoto wa watu angeishi. Hakumimina. Hakuwa wake. Kinyaa alichokiona kwa Ushahidi miaka yote kilimgeukia yeye.

Alimbeba binti yake mgongoni. Alipofika mlangoni alisikia plastiki ikibanduka, ile ya godoro la pili. Kisha nyayo ndogo kwenye saruji. Taratibu. Zikikokota.

Hakugeuka.

Alivuka uwanja. Nyayo zilivuka uwanja. Getini mlinzi aliipokea karatasi, akaisoma, akatazama nyuma ya Sista.

"Mbona karatasi moja," alinong'ona, "na watoto wawili?"

Sista alimkaza binti yake mgongoni. Mlinzi alikuna kichwa, akasema kama mkubwa ameshasaini basi hayamhusu, akafungua geti. Nje, nyayo zilishika njia ya kushoto. Teksi ya kwenda hospitali ilikuwa upande wa kulia.

Jioni ileile mtoto alipasuliwa. Daktari alisema ni kidole tumbo, na kwamba wangechelewa saa mbili zaidi angekuwa anazungumza mengine. Sista alikaa kwenye benchi la wodi akiinusa mikono yake. Alikuwa ameiosha mara sita.

Ijumaa alirudi shuleni kuomba likizo ya kumuuguza mwanawe. Chumba kilinuka dawa ya sakafu tu. Beseni lilikuwa kavu. Alikuwa bado amelishika, hajui acheke au alie, mtu alipobisha hodi. Alikuwa mama yake Kimya, nywele amezitengeneza, amevaa nguo ya kutokea, na mfuko mkononi. Mara ya mwisho Sista alimwona msibani, akiwa hawezi kusimama.

Mama yule alikataa kiti. Alisema amekuja kushukuru kwa kumruhusu mtoto. Jumanne, saa nane hivi, alisikia mlango ukisukumwa, na tangu hapo mwanawe yuko nyumbani. Hamwoni, alisema, na hataki mtu amwambie kwamba amechanganyikiwa, kwani kitanda kinabonyea na maji anayomwachia yanapungua. Shida ni moja.

"Tumbo bado linamuuma, Sista. Mlikuwa mnampa dawa gani, niendelee nayo?"

Sista aliliweka beseni chini. Kabati lilikuwa nyuma yake, na hakuwahi kumpa yule mtoto hata kidonge kimoja. Alisema lile alilopaswa kulisema muhula uliopita, kwamba mtoto apelekwe hospitali, leo, asisubiri.

"Nilikwenda jana," mama alijibu kwa upole. "Wanasema nilete mtoto kwanza, wamwone."

Akatoa foronya kwenye mfuko, akaiweka mezani. Alisema anaifua kila siku, na kila asubuhi iko hivyo tena, mikono imemchoka. Sista aliikunjua. Katikati palikuwa na utelezi mweusi, umenywea kwenye kitambaa, unatoa mvuke. Hakuziba pua. Alimwambia mama akapumzike, akamwahidi kwamba kufua ni kazi yake yeye kuanzia leo.

Beseni alilitoboa kwa msumari akalitupa. Siku hizi mtoto akisema anaumwa, Sista humpigia mzazi kwa simu yake mwenyewe, kabla hajamuuliza jambo la pili. Ushahidi alimwandikia barua ya onyo kwa kukiuka utaratibu. Alimjibu kwa kumkunjulia foronya juu ya meza yake, palepale kwenye madaftari. Makamu alitapika dirishani, na hakuna aliyekwenda kukoroga. Barua nyingine haikuja.

Lakini foronya huja. Kila Ijumaa mama yule huileta, humkabidhi Sista bila maneno mengi, huchukua ile safi. Sista huifua kwa mikono mitupu, mara tatu, mara nne, mpaka inakuwa nyeupe. Huianika kwenye jua kali la mchana tangu saa nne, ikakauka mpaka ikakakamaa, yote isipokuwa katikati. Pale hubaki unyevu, ukubwa wa shavu la mtoto. Na ukiweka kiganja, pana joto la homa.