Damu ya Upande wa Baba

Mate yalimkauka. Mwalimu wa udereva, mwanamke aliyezoea kukaa pembeni ya wanafunzi wanaokanyaga mafuta wakidhani ni breki, na asipepese jicho, leo alikuwa amesimama katikati ya maabara iliyofurika watu, kijichupa mkononi, mdomo mkavu. Alikuwa ameambiwa ateme mate mpaka kwenye mstari, na mstari ulikuwa mbali.

“Fikiria ndimu,” sauti ikasema kutoka juu.

Akainua uso. Juu ya ngazi, kichwa nusu kimezama kwenye dari, alikuwepo fundi viyoyozi, ovaroli kaifunga mikono kiunoni, fulana nyeupe ina vumbi mabegani.

“Unasemaje?”

“Ndimu mbichi, dada yangu. Umeikata, umeipaka chumvi, unailamba taratibu…”

Kabla hajapata la kumjibu, mdomo ulishajaa. Akatema, akafunga kifuniko, kicheko kikamtoka.

“Kaka, kazi yako ni kupoza watu au kuwatoa mate?”

“Inategemea mtu,” akasema, akishuka haraka kuliko ngazi ilivyoruhusu. “Na gauni lenyewe la zambarau namna hiyo, nani angebaki kwenye dari?”

Walipokunywa chai pamoja kwa mara ya kwanza, mwalimu alimweleza kwa nini alienda kupima vinasaba. Mama yake alifariki akimzaa, mpangaji asiye na ndugu wa kumjua. Mwenye nyumba akamchukua kichanga yule, akamlea kama wake wa tumboni, mpaka mwaka jana naye alipotangulia mbele ya haki. Mlezi huyo alimwambia yote aliyoyajua. Kuhusu baba, hakujua chochote.

“Sitafuti urithi,” alisema. “Nataka tu kujua nimefanana na nani.”

Fundi hakumpa pole za mdomoni. Alimsogezea kikombe chake, kwa kuwa cha mwenzake kilikuwa kimepoa. Hapo ndipo mwalimu alipoanza kupotea.

Basi mapenzi yakanoga, simu haikauki.

“Mwalimu wangu, umekula?”

“Nimekula. Wewe umeshuka kwenye ngazi?”

“Nitashuka ukisema unanipenda.”

“Basi lala hukohuko.”

“Hata huruma huna?”

“Shuka, mpenzi. Ukivunjika mguu nitamfundisha nani kuendesha?”

Ikapangwa Jumapili fundi ampeleke nyumbani kwao. Fundi akamwonyesha picha ya mama yake: miwani ya duara, kiganja shavuni, tabasamu la mtu aliyeficha mzaha.

“Huyo ndiye mama. Ukipendwa naye, umepona.”

Ijumaa majibu ya maabara yakaingia kwenye simu. Mwalimu aliyafungulia ndani ya gari la shule, injini imezimwa. Kuna ndugu wa karibu amepatikana, mwanamke, na kwa vipimo vyote ni shangazi, dada wa baba. Yeye mwenyewe alikuwa ameridhia picha na namba yake zionekane; mwalimu aliridhia namba tu. Mwalimu akabonyeza picha.

Miwani ya duara. Kiganja shavuni.

Akaikuza picha kwa vidole viwili. Shangazi yake ndiye mama wa mpenzi wake! Basi yule mwanaume aliyemshika mkono, aliyemwita wangu, ni mtoto wa shangazi. Damu moja, na alikolelewa damu moja haioani.

Simu ya fundi ikaita, hakupokea. Ikaita namba ngeni, hiyo nayo akaiacha. Jumamosi akajitumbukiza kazini, lakini kila mwanafunzi alipouliza “Mwalimu, nikate kulia?” alijibu “Endelea,” mpaka mmoja akakaribia kupanda ukuta.

Jumapili asubuhi alikuwa ameketi kiti cha mwalimu akifuta vioo vya gari kwa ndani, uwanjani pa shule, mlango wa dereva ukafunguliwa. Fundi akaketi, shati jeupe limepigwa pasi, macho mekundu.

“Nimekuja darasani,” alisema. “Nifundishe mtu anavyoachwa, maana mimi sijui nimekosa wapi. Au umepata ukoo wa maana, fundi ngazi hatoshi?”

“Usiniseme hivyo.”

“Basi sema wewe.”

Mwalimu akampa simu. Fundi akasoma, akatazama picha, akasoma tena. Mwalimu akageuzia uso dirishani.

“Mimi na wewe ni ndugu,” alisema, machozi yakamtangulia. “Nakupenda, nawe ni ndugu yangu.”

Fundi akamrudishia simu. Kisha akashusha pumzi ndefu.

“Mama hakunizaa mimi.”

Mwalimu akageuka.

“Baba aliolewa… aah! Alimuoa nikiwa na miaka minne, mama mzazi ameshafariki. Nyumbani kwetu neno ‘kambo’ halitamkwi. Sikukuficha, mpenzi. Sijawahi kulisema kwa mtu yeyote, na sasa najiona kama nimemkana.”

“Hujamkana,” mwalimu akasema, akimfuta shavu kwa kitambaa kilekile cha vioo, vumbi likabaki usoni. “Umenirudisha mimi kwako.”

Walicheka na kulia pamoja, pua zikiwachuruzika kama watoto.

Walipofika kwa mama, walimkuta mlangoni, simu mkononi. Tangu Ijumaa alikuwa akipiga namba ya yule binti aliyeletwa na vinasaba, haipokelewi. Alipomwona mwalimu, simu ikamponyoka.

“Paji la uso la kaka yangu,” alisema kwa sauti ya chini. “Ee Mola! Na nyusi zake.”

Akamkalisha, akamshika mikono yote miwili. Kaka yake alikuwa mtu wa safari, hakuoa. Alipokuwa kitandani, mwishoni, alimwambia ana mtoto mahali fulani, alirudi kumtafuta mama mtu akakuta chumba kina wapangaji wengine na mwenye nyumba ameshahama. “Nikamuahidi nitamtafuta. Yeye hayupo, mwanangu. Nimebaki mimi. Nitakutosha?”

“Unatosha, shangazi,” mwalimu akasema, neno ambalo hakuwahi kumwita mtu.

Fundi akakohoa. “Mama, huyu ndiye yule niliyekuambia namleta leo. Nataka kumuoa.”

Mama akavua miwani, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaangua kicheko kilichomlazimu ajishike kiuno. Alipotulia, akahamia kiti cha pembeni ya mwalimu na kumkumbatia bega.

“Mimi ni upande wa bibi harusi,” alitangaza. “Posa inakuja kwangu. Kamlete baba yako azungumze.”

“Mama! Na upande wangu nani atanisemea?”

“Hayo yako. Na leo simtoi mtu, ndiyo kwanza nimempata.” Akamgeukia mpwa wake. “Unampenda lakini?”

“Nampenda, shangazi.”

“Basi mwache ahangaike kidogo,” alisema, na kumvutia karibu zaidi, huku fundi akielekea uani kumwita baba yake.