Soketi ya Sokoni Igowole

Igowole asubuhi, ukungu hukaa barabarani kama mgeni aliyesahau kuaga. Vitus alitoka nje akaifunua bajaji yake ya umeme. Ilikuwa imelala na blanketi zito, tena lile jipya.

"Baba Tadeo, mke mwenzangu ameamkaje?" mkewe Eveline aliuliza kutoka mlangoni.

"Betri haipendi baridi," Vitus akajibu. "Hii ni Mufindi, siyo Dar."

Kila jioni alipitisha ekstensheni nyembamba dirishani, akachomeka bajaji, akaifunika. Chaji haikutosha. Basi mchana aliomba umeme kwa majirani. Taa zao zikafifia, uniti zao zikaisha upesi. Sasa wakimwona tu, wanafunga milango. Kumsikia wasingeweza, maana bajaji ile haina kelele.

Kila asubuhi, kabla ya kubeba abiria, kazi yake ilikuwa kupeleka maziwa ya kikundi cha akina mama kwenye kituo cha kukusanyia. Wiki hiyo bajaji ilizimika mlimani mara mbili. Maziwa yakachacha njiani. Verediana, mwenyekiti wa kikundi, alimwambia bila kupepesa macho, "Shemeji, yakiharibika tena, tunatafuta mwenye bajaji ya petroli."

Asubuhi hiyo Vitus alisikia harufu ya kuungua. Ekstensheni ilikuwa imeyeyuka karibu na plagi. Kwenye bajaji, chaji ilionyesha vistari viwili tu.

Eveline alizima swichi kuu, akampigia simu jirani yao Blandina, fundi umeme. Blandina akaja. Akatazama waya, akatazama blanketi.

"Kamwene," akasalimia. "Mgonjwa ni nani hapa?"

"Dada, usinicheke," Vitus akasema. "Maziwa yananisubiri."

"Betri ikichajiwa inatoa joto. Ukiifunika, unaipika. Na waya huu ni wa redio, shemeji. Wewe umeutwisha mzigo wa lori."

"Sasa nichaji wapi? Hapa kwetu hakuna kituo."

"Pale sokoni, jirani na fundi matairi, pana nini?"

"Pale ni pa magari ya wakubwa."

"Nani alikwambia?"

Hakuna aliyemwambia Vitus. Aliona nguzo mpya iliyopakwa rangi, akajiondoa mwenyewe.

"Mume wangu amefukuzwa na rangi," Eveline akasema.

"Ni kituo cha watu wote," Blandina akaeleza. "Unalipia ulichotumia. Kina soketi mbili, waya mnene, na swichi inayokata umeme yenyewe kukiwa na hatari. Piga simu kwanza, uulize kama nafasi ipo na umeme upo. Na usingoje betri iishe ndipo uikumbuke."

Ilikuwa saa moja. Kituo cha maziwa hufungwa saa nne. Vitus aliondoka na bajaji tupu, polepole.

Sokoni alimkuta mwalimu Saulo akichaji pikipiki yake. Soketi ya pili ilikuwa wazi. Vitus akasimama mbele yake, waya mkononi, akingoja kufukuzwa.

"Chomeka, bwana," Saulo akasema. "Au unaibariki kwanza?"

Saa mbili na nusu vistari vilikuwa vitano. Vitus akalipa, akapita kuchukua maziwa. Verediana akapanda nyuma, akashika madumu. Mlima ulipoanza, wote wawili waliacha kupumua. Bajaji ikapanda. Ikafika kileleni. Ikaendelea.

Kituoni mpokeaji alichanganya maziwa kidogo na dawa ya kupimia, akatikisa. Hayakuganda.

"Mazuri. Mimina."

Vitus alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akamwachia Verediana amimine.

Siku hizi huchaji sokoni kila mchana, wakati abiria ni wachache. Nyumbani Blandina amemfungia soketi ya peke yake yenye waya mnene, kwa siku ambazo sokoni kumejaa.

Juzi Verediana alimsimamisha njiani.

"Shemeji, ng'ombe wawili wamezaa. Tukianza kuwakamua, tutakuwa na madumu tisa. Utaweza?"

"Niletee kumi," Vitus akasema.

"Hilo la kumi tutalitoa wapi?"

"Mtajua wenyewe. Mimi chaji ninayo."