Mwanamume wa Koti Jekundu

—Mwaija, usikate simu.

—Nakata. Eda yangu imebakiza siku moja, Mhina. Ikiisha hujanirejea, kila mtu na njia yake.

—Nipo stendi ya Korogwe. Nakuja huko kwenu Mnyuzi sasa hivi.

—Uje kumtafuta yule bwana wangu?

Simu ikakatika. Mhina akarukia bodaboda, bahasha kubwa ya hospitali kaikumbatia.

Miezi mitatu nyuma, kwake Misima, alirudi kutoka shamba akamkuta mwanamume wa koti jekundu amekaa mkekani na mkewe. Mwaija alikuwa anachambua mchele, hata kushtuka hakushtuka. Akaapa hakuna mtu. Mhina hakutaka kusikia, akampa talaka moja palepale. Wivu jamani una macho yake. Mwaija akarudi kwao, yule wa koti jekundu akabaki kumtokea Mhina, kila jioni.

Mnyuzi alimkuta Mwaija uani na mama yake, Bi Mwanaisha. Hakuna aliyempa kiti.

—Shikamoo, mama.

—Marahaba. Sema kilichokuleta.

Mhina akatoa picha kwenye bahasha.

—Nimepigwa picha ya kichwa. Kuna kauvimbe ndani kabisa, chini ya ubongo. Daktari anasema ni nadra sana, ila kanamfanya mtu aone watu ambao hawapo. Matibabu naanza wiki ijayo.

Mwaija alicheka kwa uchungu.

—Misima nzima imeniita malaya, leo unaniletea picha?

—Nilikukosea. Nitalisema hilo msikitini, mbele ya watu wote.

—Na ukimwona tena?

Mhina alikuwa anatazama kando ya Mwaija, jasho linamtoka.

—Yupo. Amesimama kulia kwako.

Bi Mwanaisha akashika kifua. Mwaija hakugeuka.

—Kwa hiyo unanipa talaka ya pili?

—Hapana. Safari hii nakuuliza wewe. Yupo?

—Hayupo, Mhina.

—Basi hayupo.

Koti jekundu bado lilikuwa palepale, linamkodolea macho. Mhina akamgeukia mama mkwe.

—Mama, sikia kwa masikio yako. Nimemrejea mke wangu.

Mwaija alijifuta machozi kwa pindo la khanga. Akavuta kigoda, akakiweka kulia kwake.

—Njoo ukae hapa, mume wangu.

Mhina akasita kidogo. Kisha akaenda, akakaa.