Ngozi Iliyolambwa

Msonyo wa kwanza ulitoka nyuma ya mlango wa chumbani, saa tisa alasiri, na ndani ya nyumba hakukuwa na mtu ila Bingwa peke yake. Ulikuwa msonyo mrefu, wa kuvuta mate kwenye meno, kama wa mtu aliyeona upuuzi na hana hata hamu ya kuusemea. "Nani huyo?" Bingwa aliuliza, kisha akaona aibu kwa kuuliza, akaendelea na wembe wake.

Jina la Bingwa alijipa mwenyewe, tuseme ukweli. Kazi yake ilikuwa ukarani kwenye ghala la saruji, lakini kila jioni alikuwa kwenye meza ya pool, na kila akirudi alimkalisha mkewe akamsimulia mchezo mzima, mpira kwa mpira, mpaka maskini ya Mungu anasinzia juu ya cherehani. Hakuna mwingine aliyemsikiliza. Wenzake walikuwa wakimwona kwa mbali wanakumbuka safari. Mkewe alikuwa fundi wa kushona nguo, mtu wa maneno machache, labda kwa sababu nafasi ya kusema hakuwahi kuipata. Bingwa alimpenda, tena sana, ila kumwambia aliona ni kujishusha.

Siku hiyo mke alikuwa amekwenda kununua nyuzi. Fimbo ya pool ilikuwa juu ya meza ya chakula. Ile ngozi ndogo ya kwenye ncha, inayogusa mpira, ilikuwa imechakaa na kukauka kama ukucha, hata chaki haikushika tena. Kwenye ukumbi wa pool alikuwepo fundi wa kuibadilisha, lakini Bingwa ampe yule fimbo yake? "Ile mikono ni ya kukorogea uji," alisema. Ngozi za dukani nazo alizidharau, eti ni karatasi zimegandamizwa zikapakwa rangi. Kwa hiyo aliing'oa ya zamani mwenyewe, akakwangua gundi iliyobaki, akakisugua kwa msasa kile kipete cheupe cha mwisho wa fimbo, akakiinua dirishani kuona kama kimekaa sawa. Kilikuwa sawa. Sasa ilibaki ngozi.

Nyuma ya mlango wa chumbani kilining'inia kifuko cha ngozi, kidogo cha kujaa kiganja, kimeshonwa pande zote. Kilikuwa cha marehemu baba mkwe, fundi viatu, aliyemwachia binti yake pamoja na neno moja tu: kisiguswe. Bingwa hakuwahi kumheshimu baba mkwe. Mtu mzima, maisha yake yote ameyamaliza akiangalia nyayo za watu! Alikiminya kile kifuko. Ngozi nene, imekaza, ya zamani kweli kweli. Msonyo ulisikika tena, safari hii karibu na sikio lake. Akapitisha wembe.

Ndani hamkuwa na kitu. Ilitoka pumzi tu, ya moto, yenye harufu ya ngozi mbichi iliyolowekwa ikasahaulika. Bingwa alikunja pua, akakata kiduara, akapaka gundi, akakiweka katikati ya kipete, akaigeuza fimbo kichwa chini na kuikandamiza sakafuni huku akihesabu mpaka mia mbili. Ilipokauka alikata pindo zilizozidi, akazungusha msasa mpaka ncha ikawa na mgongo mzuri wa mviringo. Kisha akafanya wanachofanya wote wanaojitengenezea fimbo kwa mkono: akailamba ngozi pembeni, akaisugua kwa mkanda wake wa suruali, akailamba tena, akaisugua tena, mpaka ikang'aa. Ilikuwa na chumvi.

Jioni ile hakukosa mpira hata mmoja. Lakini kila alipoinama kupiga, msonyo ulitoka, na wenzake wote waliona unatoka mdomoni mwake. "Unamsonya nani wewe?" mmoja alimuuliza. "Sijasonya," alijibu, na hata kabla hajafunga mdomo, msonyo mwingine ukamponyoka. Walimwacha na meza yake. Sababu ya kumwacha walikuwa wanaitafuta siku nyingi.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi. Mke aliposema amechoka, msonyo. Alipoonyesha gauni alilomaliza kushona, msonyo. Siku ya tatu mke alikiona kifuko kimetobolewa, akakaa kitandani nacho mapajani, na sauti yake ikawa ndogo.

"Umekikata cha baba?"

"Kipande tu, mke wangu," Bingwa alianza, na ulimi wake ukamalizia kwa msonyo ambao hata yeye ulimtia baridi.

"Ukinisonya tena naondoka," alisema mke. "Sirudi."

Ndipo hofu ilipomwingia. Alikaa mchana kutwa kwenye kiti bila kufumbua mdomo, fimbo imeegemezwa kwenye kona mbele yake, jua limejaa chumbani na cherehani inanguruma chumba cha pili, na alipopitiwa na usingizi kidogo akazinduka, mdomo wake ulikuwa mkavu kabisa, mkavu mpaka ulimi umegandamana na kaakaa, na ile ngozi kwenye ncha ya fimbo ilikuwa imelowa, inachuruzika, matone yanashuka polepole kwenye mti mpaka sakafuni, na harufu ya ngozi mbichi ilikuwa imekijaza chumba kiasi kwamba alipovuta pumzi aliona kama anaitafuna, akarukia wembe, akaikata ile ngozi, akakimbia nayo chooni, akaitupa shimoni, na akiwa ameinama pale, akihema, akimshukuru Mungu, mdomo wake ukafunguka wenyewe.

"Hata kulamba hujui," ulimwambia. Sauti ilikuwa nene, si yake.

Mke hakungoja kuelezwa. Alimwita shangazi yake, mama mmoja mfupi mwenye miwani, aliyekuwa akitibu watu waliovamiwa na majini, na ambaye hakuwahi kumpenda Bingwa. Alikuja saa nne asubuhi na kikapu chake, akamwangalia mkwe kuanzia kandambili mpaka nywele.

"Uliilamba?"

Bingwa aliitikia kwa kichwa.

"Kitu cha mwenzio, kimeshonwa, kimetundikwa, wewe unakikata halafu unakilamba." Alimgeukia mpwa wake. "Huyu ndiye uliyekataa watu wengine kwa ajili yake?"

"Shangazi, tafadhali," mke alinong'ona.

Mganga alichoma ubani, akamshika Bingwa kidevu. "Wewe uliyemo, sema."

"Nina nini cha kusema?" jini lilijibu kwa mdomo wa Bingwa, limechoka. "Fundi viatu alinifunga, lakini alinisalimia kila asubuhi. Alikuwa mtu. Huyu amenipa mate, na mate ni kukaribisha, nikaingia. Nimezunguka humu ndani siku tatu. Hamna kitu. Ni kelele tu."

"Utatoka?"

"Hata sasa hivi."

Mganga aliuachia ule mdomo, akajifuta vidole. "Linatoka, mwanangu," alimwambia Bingwa, safari hii kwa upole kidogo. "Utalipuliza humu kwenye kifuko, na mwenye kifuko atakishona. Lakini limeshikamana na ulimi wako. Likitoka, linatoka na sauti yako. Hairudi. Nakwambia mapema, usije kunilaumu."

Bingwa alimtazama mkewe. Alitaka mke aseme kwamba si lazima, kwamba atamvumilia hivyo hivyo. Mke alikuwa anatunga uzi kwenye sindano.

"Mimi nimeshasema yangu," alisema bila kuinua macho. "Mkoba wangu uko tayari."

Ajabu ya yule mtu, na hapa hata anayemdharau itabidi amkubalie, ni kwamba hakufikiri sana. Bila mke, sauti angeitumia kumsimulia nani? Aliweka mdomo kwenye tundu alilolikata mwenyewe, akapuliza. Ilitoka pumzi ndefu, ya moto, kifuko kikavimba, kikatikisika, na kitu kikamchomoka kooni kama mwiba unavyochomoka. Mke alibandika kiraka cha ngozi ya kiatu, akashona haraka haraka, mishono midogo midogo, ya mkono wa baba yake.

Bingwa alifungua mdomo aseme, "Nakupenda." Hakikutoka hata kikohozi.

"Sasa naweza kukaa," alisema mke, akautoa mkoba mlangoni. Alimletea chai, akavuta kiti, na kwa mara ya kwanza tangu waoane akamsimulia siku yake yote, wateja wake wote, gauni kwa gauni. Ilichukua mpaka jua kuzama. Yeye alisikiliza. Angefanyaje?

Wiki ya pili, saa tisa alasiri, wote wawili wakiwa chumbani, kifuko kilianza kusema. Sauti ilikuwa ya Bingwa yenyewe, imechangamka, inaeleza jinsi alivyoupiga mpira mweupe ukagonga ukingo mara mbili, na wa njano ukaingia kona, na wote wakabaki midomo wazi. Iliendelea bila kupumzika. Kisha chini yake ikasikika ile sauti nene, inatetemeka.

"Mama," jini lilisihi. "Binti wa fundi. Nifungulie, nakuomba. Huyu halali usingizi. Hanyamazi hata kidogo."

Bingwa alipiga magoti mbele ya mkewe, akionyesha kifuko, akionyesha koo lake, machozi yanamtiririka. Mke alikishusha kile kifuko, akakipima uzito mkononi, akakiangalia kwenye mwanga wa dirisha. Akachukua sindano, akaongeza mshono mwingine juu ya ule wa kwanza.