Fundi Hukagua Nyuma ya Nguo

Kitendawili. Ana mikono minne, hana kichwa wala tumbo, na bila mtu hawezi hata kuokota uzi. Msinipe mji kwanza. Hata mimi nilishindwa, na siku nilipomwona nilikuwa nimekwenda kupigana.

Nilisimama mlangoni pa chumba kimoja cha hospitali, simu ya mume wangu mkononi. Aliisahau mezani, nikasoma ujumbe wa namba isiyo na jina: "Njoo leo saa nne, chumba cha mwisho, hospitali. Nitakusubiri." Miezi mitatu analala sebuleni, eti mgongo. Baada ya miaka thelathini na minane ya ndoa, nikajua nimeletewa mke mwenza.

Aliyemsubiri kumbe ni nesi wa makamo, akanipa kiti kabla sijafungua mdomo. Mume wangu alikuwa ameketi humo ndani, na daktari wa upasuaji akamtazama.

— Mzee, nimwambie?

Akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa saratani ya tezi dume, imeonekana mapema.

— Kwa nini ulinificha? nikamuuliza.

— Daktari, tuendelee, akasema, macho kwenye viatu.

Basi tukaendelea. Pembeni palikuwa na roboti jipya la upasuaji, mikono minne juu ya kitanda cha mazoezi. Daktari alikaa mbali nalo, uso ameuinamisha kwenye sanduku la kuonea kama anayechungulia kisima, vidole vyake kwenye pete. Akikunja kidole huku, mkono wa roboti unajikunja kule. Udadisi ukanishinda hasira. Nikauliza kama haliwezi kupandwa na wazimu likakata lenyewe.

— Mama, akiinua uso tu, mikono inaganda, nesi akacheka.

Akaeleza kwamba daktari amefanya mazoezi miezi mingi, na wagonjwa wa mwanzo atawapasua mwalimu wake akiwa pembeni.

Mume wangu ni fundi cherehani. Alikuwa amekuja na kipande cha kitambaa, akasema hakubali kupasuliwa mpaka aone roboti likishona tundu la kifungo. Daktari akashona. Mzee akakigeuza kitambaa. Fundi hukagua nyuma ya nguo.

— Hapa umevuta. Pamekunjamana.

Daktari hakubisha. Akafumua uzi mmoja mmoja, akashona upya. Mara hii palinyooka.

— Kushona wengi wanajua, mume wangu akasema. Anayekubali kufumua, huyo ndiye nitakayemlalia mezani.

Ndipo daktari akatueleza bila kuficha: mkojo unaweza kuvuja kwa muda, na mambo ya chumbani yanaweza kulegea, pengine yarudi, pengine yasirudi. Mashine humsaidia kuiona mishipa myembamba, haitoi ahadi. Mzee akainamisha kichwa, nami nikaanza kuelewa ule mgongo wa kusingizia.

Kwenye benchi la nje nikamrudishia simu yake.

— Leo unarudi kulala chumbani. Na uvuje, mashuka nitafua. Hata wajukuu zako nimewafulia. Sasa nijibu. Kwa nini ulinificha?

Alikunja kile kitambaa mara mbili, akakikunjua, akakikunja tena.

— Tangu nikuoe, kila nguo yako nimeishona mimi. Mimi ndiye ninayekuvalisha. Niliogopa siku utakayonivalisha wewe.