Rimoti ya Dirisha la Tatu

"Foleni! Wewe baba, foleni!"

Ukumbi wa ofisi ya vyeti ulikuwa umefurika asubuhi ile, watu wameshika fomu, watoto wanalia migongoni, na hapo ndipo mwanamume mmoja mwenye ngazi begani alipojipenyeza katikati yao kana kwamba anaingia sebuleni kwake. Alivaa ovaroli ya buluu iliyopigwa pasi, tena pasi ya kweli, mikunjo imesimama.

"Jamani, sikuja kuchukua cheti," alisema akigeuka, ngazi nusura imng'oe mtu kofia. "Mimi nilishazaliwa zamani. Nimekuja kutengeneza hicho kiyoyozi kinachowamwagia maji."

Watu wakacheka. Nyuma ya kioo cha dirisha la tatu, mwanamke mwenye blauzi ya hariri ya zambarau na miwani iliyoning'inia shingoni kwa mnyororo alicheka kuliko wote, hadi muhuri ukamponyoka mkononi. Fundi akamtazama. Akasahau kwamba ana ngazi, akamgonga mtu wa pili.

Ndivyo walivyokutana.

Mwanamke huyo, wote waliomjua walimwita Bi Muhuri. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna mtoto wa mji ule aliyepata cheti cha kuzaliwa bila mkono wake kugonga tarehe. Mumewe alifariki miaka minane iliyopita, na tangu hapo mambo ya mapenzi aliwaachia wenye nayo. Mwanamume naye aliitwa Fundi Baridi, kwa kuwa alitengeneza majokofu na viyoyozi. Mkewe alimwacha zamani, na alibaki na fahari moja tu duniani: kazi yake hairudiwi. Akitengeneza kitu, kimetengenezeka.

Sasa, niseme mapema. Kiyoyozi kile hakikuwa kibovu hata kidogo. Aliyekiharibu ni Bi Muhuri.

Kwa miezi mitano kulikuwa na kitu kinampanda kutoka kifuani hadi shingoni hadi usoni, moto mtupu, kama mtu aliyefunguliwa mlango wa tanuri mbele yake. Moyo unakwenda mbio, jasho linachuruzika mgongoni, dakika tatu nne hivi, kisha kinamwacha amelowa na anatetemeka. Alishapima malaria mara mbili, akaambiwa hana. Rimoti ya kiyoyozi ilikaa katika droo yake, maana ndiye aliyekuwa mkubwa wa madirisha yote. Kila moto ulipopanda, mkono ulikwenda droo, na nyuzi joto ishirini na nne zikawa kumi na sita. Karani wa dirisha la nne, binti mwembamba, alianza kuja kazini na sweta nzito, mpaka watu wakamwita Sweta. Bi Muhuri alimwona akipuliza vidole vyake na roho ikamsuta. Lakini nyuzi hakuzipandisha.

"Mashine hii inalazimishwa," Fundi alimnong'oneza kutoka juu ya ngazi. "Milango wazi, watu mia, halafu mtu anaiweka kumi na sita kutwa. Inaganda barafu ndani. Barafu ikiyeyuka, ndiyo hiyo mvua yenu. Rimoti anashika nani?"

"Sijui, fundi. Hapa kila mtu anashika." Akafungua droo taratibu. "Ah! Kumbe iko huku. Nani ameiweka?"

Fundi akashuka, akaipokea, akasoma ile kumi na sita, akamtazama. Akaipandisha hadi ishirini na nne.

Wiki iliyofuata maji yakaanza tena, akaitwa tena. Akakuta kumi na sita. Safari hii akatabasamu, tabasamu la mtu aliyepewa siri, na Bi Muhuri akashukuru moyoni kwamba mwanamume huyu si wa maswali. Hakujiuliza kwa nini.

Chai ya mgahawa wa ng'ambo ya barabara ikawa ya kila siku. Simu zikaanza.

"Malkia wa mihuri, umeamkaje?"

"Malkia gani ana foleni ndefu hivi mlangoni?"

"Malkia wote wana foleni. Mimi nimo, nambari yangu ya kwanza."

"Wewe hujui foleni. Nilikuona siku ile na ngazi yako."

Chai ya tatu ikiwa mezani, Fundi akamuuliza umri. Yeye mwenyewe alikuwa na arobaini na sita.

"Arobaini na minne," akajibu Bi Muhuri, macho makavu.

Alikuwa na miaka hamsini na miezi miwili. Yule yule aliyewahi kumrudisha baba mzima nyumbani kwa kukosea mwaka mmoja kwenye fomu ya mwanawe, sasa alijipunguzia sita kwa kikombe kimoja cha chai. Neno lilishatoka. Usiku huo na mingine iliyofuata usingizi ulimkatika, na kila alipoamka shuka imelowa, kitu cha kwanza kumjia akilini kilikuwa ile arobaini na minne.

Balaa likaangukia Jumatatu. Maji hayakudondoka sakafuni kama kawaida, yalidondokea kasha la vyeti vilivyokuwa tayari kuchukuliwa. Vyeti sitini, wino wote umetapakaa. Bosi, mwanamume mfupi aliyefunga tai mpaka shingo imetuna, alimwita Fundi na kumsimamisha katikati ya ukumbi.

"Mara nne! Umekuja hapa mara nne! Unatengeneza au unakuja kunywa chai?"

Fundi alimtazama bosi. Akaitazama droo ya dirisha la tatu. Kisha akamtazama mwenye droo.

"Inawezekana nimekosea, bosi," akasema.

"Basi ghorofa zote sita za jengo hili, usiguse tena hata balbu!"

Bi Muhuri alikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Ilikuwa mdomoni kabisa. Lakini akiisema, ataulizwa kwa nini, na hicho kwa nini kina jina, na jina hilo lina umri ndani yake. Moto ukampanda wakati uleule, uso ukalowa mbele za watu, na mkono wake, Mungu amsamehe, ukaenda kwenye droo. Fundi akabeba ngazi yake akapita katikati ya watu wale wale waliocheka naye siku ya kwanza. Leo walimzomea.

Mchana simu ikalia.

"Malkia, umekula?"

"Nimekula." Hakuwa amekula.

"Sauti imepoa. Ni haya ya leo?"

"Kwa nini ulisema umekosea?"

Akacheka kidogo. "Unajua kwa nini."

Amejua, Bi Muhuri akawaza. Anasubiri nijifunge mwenyewe. "Sijui unachosema," akajibu.

"Basi, tusibishane. Nije kesho tunywe chai?"

"Usije!" Hasira ilimtoka bila kujua ilikotoka, kama ilivyokuwa ikimtoka siku hizi kwa Sweta, kwa kalamu, kwa mlango. "Na usinipigie! Niache nipumue!"

"Aa. Kumbe," Fundi akasema polepole. "Fundi aliyemwaga unga hafai kuonekana naye. Sawa, mama. Nimekuelewa."

Mama! Si malkia tena. Simu ikakatika, naye akabaki ameishika sikioni.

Siku nne hakupiga, wala hakupigiwa. Alipita mbele ya mgahawa ameinamisha kichwa. Jumamosi akaenda kwa dada yake mkubwa, muuguzi wa kliniki ya wanawake, akamkuta anakunja nguo. Akaketi kitandani, akamwaga yote: moto, droo, vyeti, umri, simu. Dada alisikiliza bila kuacha kukunja.

"Siku zako uliziona lini mara ya mwisho?"

"Miezi mitatu. Kabla ya hapo zilikuwa zinakuja na kuruka."

"Hapo hakuna ugonjwa, mdogo wangu. Hedhi inaelekea kukoma. Homoni zinashuka, mwili unapotewa na kipimo chake cha joto. Hata hizo hasira, hata usingizi, hata kutafuta miwani iliyo shingoni mwako."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilijua tangu mwezi wa pili wa moto huu. Sikutaka tu kujua." Akaanza kulia. "Wewe yalikupata?"

"Mimi? Nililala na taulo mwaka mzima, nikamfokea shemeji yako kwa kosa la kupumua. Hukuniuliza, nami sikukwambia. Kosa langu hilo." Akampa fulana ya pamba kutoka kwenye rundo. "Anza na hii, uivue hiyo hariri inayokugandama. Punguza kahawa na pilipili. Mezani weka maji baridi na feni ndogo. Tembea jioni. Kila linapokupanda, andika ulikuwa unafanya nini. Na uje kliniki, daktari akupime. Dawa zipo, lakini si za kila mtu, ndiyo maana unapimwa kwanza."

"Na la Fundi?"

Dada akaacha kukunja. "Mtu wa watu amepoteza kazi na jina kwa sababu wewe unaona haya kutoka jasho. Hilo kliniki kwangu halina dawa."

Jumatatu, ukumbi umejaa, Bi Muhuri akafungua droo, akachukua rimoti na kwenda kuiweka mezani kwa bosi. Mlango aliuacha wazi, asije akapata nafasi ya kunong'ona.

"Kiyoyozi nilikiharibu mimi. Fundi alikitengeneza vizuri mara zote nne. Nilikuwa nakishusha hadi kumi na sita, kila siku, nikanyamaza akifukuzwa."

"Wewe? Kwa nini?"

"Kwa sababu nina miaka hamsini, hedhi inakoma, na mwili wangu unawaka moto."

Bosi akakohoa, akaitazama dari, akalegeza tai. Foleni nzima ikageuka kutazama. Kisha mama mmoja mnene kutoka nyuma akapaza sauti: "Hata mimi! Nilidhani narogwa!" Watu wakaangua kicheko, na Sweta, aliyetetemeka miezi yote hiyo bila kosa, akaja akasimama pembeni yake. "Ungeniambia tu, mama," akasema. "Ningekaa dirisha la kwanza, mbali na hiyo mashine."

Laiti mambo yangeishia hapo! Bosi alimwandikia barua ya onyo, hilo alilitarajia. La pili hakulitarajia.

"Fundi wako simrudishi," bosi akasema, safari hii kwa upole. "Ijumaa nimesaini na kampuni nyingine. Jengo zima, mwaka mzima. Ungesema Alhamisi, ningeweza."

Alimkuta Fundi kwenye karakana yake, katikati ya majokofu yaliyofunguliwa matumbo. Ovaroli haikupigwa pasi. Hakumkaribisha kiti. Bi Muhuri akasema yote akiwa amesimama, na la Ijumaa akalisema pia, asilichuje. Mwisho akafungua mkoba, akatoa cheti chake mwenyewe cha kuzaliwa.

"Na hiki. Nilikudanganya chai ya tatu."

Fundi akakisoma taratibu, akahesabu kwa vidole vyenye grisi.

"Rimoti nilijua siku ya kwanza," akasema. "Ulipofungua droo, nilijua."

"Kwa nini basi hukusema?"

"Nilidhani..." Akafuta vidole kwenye ovaroli. "Nilidhani unakiharibu makusudi ili niitwe. Ili unione. Nikawaza, mwanamke anayethubutu hivyo kwa ajili yangu, mimi nimchome kwa bosi? Nikalitoa jina langu. Miaka ishirini kazi yangu haijarudiwa, nikalitoa." Akamrudishia cheti. "Kumbe lilikuwa joto tu."

Hakuna lililomuuma Bi Muhuri kama hilo. Si zomeo alilopigwa Fundi, si barua ya onyo. Akatamani afokewe.

"Mara ya kwanza ilikuwa joto," akasema. "Ya pili joto. Ya tatu joto pia, lakini nilipaka wanja kabla hujafika."

Fundi akainua macho.

"Na ya nne?"

"Ya nne nilivaa tena ile ya zambarau. Inanipika mwili mzima ile blauzi, Fundi, ndiyo inayonimaliza kabisa. Niliivaa kwa sababu siku ya kwanza uliitazama ukagonga watu."

Fundi akavuta kiti, akakifuta vumbi kwa kiganja, akamsukumia. Akaenda kwenye rafu ya nyuma, akarudi na feni ndogo ya mezani, akaiwasha na kuigeuzia usoni mwake.

"Nimekasirika," akasema. "Usidhani sijakasirika."

"Kasirika."

"Nitakasirika mpaka wiki ijayo."

"Kliniki nakwenda Alhamisi."

"Basi nitakusindikiza nikiwa nimekasirika."

Na kweli alikasirika, akamsindikiza, akakaa kwenye benchi la kliniki na ovaroli yake kama mtu aliyeletwa kukarabati jengo. Jengo la ofisi ya vyeti hakulipata tena. Kila Bi Muhuri alipowaona mafundi wa kampuni wakipita na ngazi zao mpya, kitu kilimchoma, na hakujaribu kukiondoa. Alihisi ni halali yake.

Miezi miwili baadaye, ukumbi ukiwa umejaa, mwanamume mwenye ovaroli iliyopigwa pasi alisimama kwenye foleni. Safari hii alisubiri zamu saa mbili nzima, akijivuna kwa walio mbele na walio nyuma. Zamu yake ilipofika hakwenda dirisha la tatu. Alikwenda la nne, kwa Sweta, panapotolewa fomu za ndoa. Akaijaza upande wake, akaisogeza chini ya kioo hadi dirisha la jirani.

"Malkia. Jaza ya kweli."

Bi Muhuri akavaa miwani. Jina, kazi, makazi. Alipofika kwenye umri akaandika, kwa tarakimu na kwa maneno: 50, hamsini. Na papo hapo moto ukampanda, kifuani, shingoni, usoni, mbele ya mji mzima.

Fundi akaingiza mkono chini ya kioo, akaichukua fomu, akaanza kumpepea nayo kupitia uwazi wa dirisha. Foleni ikaanza kulalamika. Yeye hakugeuka. Alipepea mpaka jasho likamkauka Bi Muhuri, na wino nao ukakauka.