Nyumba Niliyoijenga Juu ya Unga Uliolowa

Nina umri wa miaka ishirini na tisa, sina mke wala mtoto, na nimechoka. Siwaandikii, wasomaji wenzangu, ili mnionee huruma. Nimeyabeba haya kwa misimu mitatu ya mvua, na kila msimu yamekuwa mazito zaidi...

Nilizaliwa Likunja, upande wa Ruangwa. Baba alifariki nikiwa mdogo. Mama alinilea akisaidiana na kaka yake, Mjomba Bakari. Kwetu Wamwera mjomba ni mzazi, tena ndiye msemaji wa ardhi ya ukoo. Yeye ndiye aliyenipeleka jandoni. Yeye ndiye aliyelima ufuta, mwaka hadi mwaka, ili mimi nisome. Nikasoma hadi nikafika chuo kikuu, kule Uganda.

Huko nilijifunza kuuliza maswali. Niliihoji serikali, nikaihoji dini, nikazihoji mila zetu zote. Sikuona kitu ambacho hakikustahili kuhojiwa. Laiti ningekuwa kweli nimehoji kila kitu!

Niliporudi nilipata kazi ya ualimu Nachingwea. Nikaapa kwamba mama hatalala tena katika nyumba ya miti na udongo. Nilitaka awe na nyumba ya matofali ya kuchoma na paa la bati. Nilikuwa na kitabu kimoja cha ujenzi, nikakisoma chote. Nikajua msingi ni nini, jamvi ni nini, linta hukaa wapi, kenchi hufungwaje, timazi hutumikaje. Majina yote niliyajua... wala sijawahi kushika mwiko maishani mwangu.

Mjomba naye alikuwa mjenzi. Nyumba nyingi za Likunja zilisimamishwa na mikono yake, nyumba za nguzo na fito. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu. Siku nilipomtajia linta, ule mhimili wa zege unaokaa juu ya mlango, aliniuliza huo ni mti wa wapi. Nilicheka mbele ya watu. Yeye pia alicheka, na sikujiuliza kwa nini alicheka kidogo kuliko mimi.

Ardhi ya ukoo ilikuwa na sehemu mbili. Juu palikuwa na mteremko wenye mchanga na vichaka. Chini, kando ya barabara, palikuwa tambarare, udongo mweusi, majani mabichi hata wakati wa kiangazi. Mimi nilipachagua pa chini. Niliwaambia watu kwamba ni rahisi kushusha matofali. Ukweli ni kwamba nilitaka kila apitaye kwenda Ruangwa aione nyumba ya mama yangu na aulize ni ya nani.

Mjomba hakukataa. Alisema tu kwamba lazima tuweke unga kwanza, kama wazee walivyofanya siku zote, kuwauliza marehemu wa ukoo kama wanakubali mahali. Jua lilipokuwa linazama alimwaga unga wa mtama chini, akaukusanya ukawa kichuguu kidogo, akaufunika kwa chungu. Asubuhi tulirudi pale, mimi, yeye na mama, na majirani wachache.

Mjomba alifunua chungu. Kichuguu kilikuwa kimebonyea upande mmoja, na mchwa walikuwa wameanza kuubeba ule unga.

"Umekataa," alisema. "Twende tukaweke kule juu."

Nilimuuliza, kwa sauti ya kusikika na wote: "Mjomba, hivi wazee waliokufa wanakula unga mbichi, bila hata mboga?"

Majirani waliangua kicheko. Mama aliangalia chini.

"Sijui kama wanakula, mwipwa," mjomba alijibu taratibu. "Ninachojua, nilipouweka ulikuwa mkavu."

Nilimsikia. Ndiyo, nilimsikia vizuri kabisa! Lakini nilikuwa nimeshashinda kwa kicheko, na mshindi hasikilizi sana. Sikuinama. Sikuugusa.

Fundi nilimpata Nachingwea. Aliitwa Stambuli. Ule mradi mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga ulikuwa umefungwa, na watu wengi walikuwa wanazunguka mjini wakisema walikuwa mafundi kule kambini. Stambuli alikuwa na pima maji mfukoni na penseli sikioni. Alichora ramani mbele yangu. Kila jina lililokuwa kitabuni mwangu alilitamka bila kukwama. Nilipomwambia kuhusu kiwanja alisema atamwaga zege la msingi, juu yake atalaza karatasi ya lami kuzuia unyevu, na mambo yatakwisha.

Je, nilimhoji? Mimi, mtu wa maswali? Hapana. Alizungumza kama kitabu changu, nami nikamwamini kama kitabu. Siku moja nilifika na kukuta mtaro wa msingi haunifiki hata magotini. Nikamuuliza mbona kina ni kifupi hivi. Akaniambia udongo wa pale umeshikana, tena akataja jina la kitaalamu la udongo huo. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, nikapanda lori nikarudi kazini.

Nyumba ilikamilika kabla ya mvua. Ilipigwa lipu, ikapakwa chokaa, ikang'aa. Mama alihamia. Na ile nyumba yake ya zamani, ambayo mjomba alimjengea... niliibomoa kwa mikono yangu, ili asipate pa kurudi. Mjomba alisimama akinitazama. Nguzo zilipoanguka alizikusanya zote, akaziegemeza kwenye ukuta wa nyumba yake. Alisema miti mizuri haitupwi.

Mvua zikaja. Udongo mweusi ukavimba. Mama alinitumia salamu kwamba ukuta wa upande wa barabara umepata ufa, na kidole kinaingia. Nilimwendea Stambuli. Akaniambia hiyo ni kawaida, nyumba mpya hukaa, yaani hutulia juu ya msingi wake. Nami, wasomaji wenzangu, nikaketi nikamwandikia mama barua. Nikamwambia asiogope, nyumba inakaa. Nililichukua neno la yule mtu nikalipeleka kwa mama yangu kama lilivyo...

Barua ilisomwa mbele ya mjomba. Ilipokwisha, mjomba aliinuka. Alikwenda kuchukua zile nguzo za nyumba ya zamani, akashuka nazo mvuani. Alimtoa mama nje, akamkataza kurudi hata kwa ajili ya sufuria. Kisha akaanza kuuegemeza ukuta. Nguzo ya kwanza ilishika. Alipokuwa anasimamisha ya pili, ukuta wote ulimwangukia.

Nilimkuta hospitali ya misheni. Kifua chake kilikuwa kimefungwa, na pumzi ilikuwa fupi. Nilipiga magoti nikaanza kueleza habari za Stambuli, za matofali ambayo hayakuiva, za karatasi ya lami ambayo sikuiona popote kwenye kifusi. Aliniacha nimalize. Kisha akasema:

"Hukuushika ule unga, mwipwa. Ungeushika."

Alifariki siku ya tatu. Nilimtafuta Stambuli Nachingwea, nikaambiwa alishapanda treni kwenda pwani. Sikumfuata. Ningemwambia nini? Kwamba nilimwamini yeye nikamcheka aliyenilea?

Unga ule ulikuwa umelowa kwa chini. Udongo ulikuwa na maji, na mchwa walikuwepo, na miti yoyote au mlango wowote ungeliwa. Hayo yote yalikuwa pale mbele yangu, chini ya chungu. Nilihoji kama wazee wanakula. Sikuuliza unga umepatwa na nini.

Mama anaishi sasa kwa mjane wa mjomba. Ananijibu nikimsalimia, basi.

Likizo iliyopita nilipanda kule juu kwenye mchanga, nikiwa na unga wa mtama na chungu. Asubuhi nilifunua peke yangu. Nikaingiza kidole hadi chini... Ulikuwa mkavu. Niligeuka kumwambia mjomba.

Nitamjengea mama nyumba hapo. Ya nguzo na fito, na nguzo zitakuwa zile zile zilizotolewa kwenye kifusi.

Ninyi mliosoma, na mnaojiandaa kurudi nyumbani kujenga, nawasihi: ulizeni yote mnayotaka. Lakini mtu wako akikuonyesha kitu na hana jina la kukupa, usimcheke. Inama kwanza, ukiguse.